Mashine ya Perkins katika sekondari ya kawaida: tathmini ya mwalimu wa Rungwe

Mashine ya Perkins ya kuandikia nukta nundu (breli), yaani maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, ndicho kifaa cha kwanza anachotajiwa mkuu wa shule pale anapopangiwa wanafunzi wasioona katika shule ambayo haikujengwa kwa kuwafikiria. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hufika shuleni kwa njia nyingi: kwa mgawo wa serikali, kwa msaada wa kanisa, na mara nyingine kwa mzazi aliyeuza ng'ombe. Naandika kama mwalimu wa elimu maalumu katika sekondari moja ya wilaya ya Rungwe, na msimamo wangu nautanguliza ili msomaji asihangaike kuutafuta. Kwa mwanafunzi asiyeona kabisa, sijapata kifaa cha kuandikia kinachoishinda mashine hii katika mazingira yetu. Lakini shule inayoinunua ikadhani imemaliza kazi inakuwa imelipia nusu ya huduma, na nusu iliyobaki ndiyo yenye jasho.

Kwa asiyewahi kuigusa, ni mashine ya chuma, nzito kuliko inavyoonekana, yenye vitufe tisa tu. Sita ni vya nukta, kitufe cha nafasi kiko katikati, na viwili vilivyobaki ni vya kushuka mstari na kurudi nyuma. Nukta ya 1, ya 2 na ya 3 hukaa chini ya vidole vya mkono wa kushoto, ya 4, ya 5 na ya 6 chini ya vidole vya mkono wa kulia, na vitufe vya herufi moja hubonyezwa kwa pamoja, si kimoja baada ya kingine kama kwenye taipureta. Nukta hizo sita hutoa michanganyiko 63, nayo inatosha kwa herufi, tarakimu, alama za uandishi na hata vifupisho vya maneno. Aliyeibuni ni David Abraham, Mwingereza aliyekuwa akifundisha ufundi katika shule ya wasioona ya Perkins huko Massachusetts, Marekani. Vita Kuu ya Pili vikachelewesha utengenezaji, hata mashine za kwanza zikatoka mwaka 1951. Umbo la mashine ya kawaida halijabadilika sana tangu hapo, nami silioni hilo kuwa kasoro. Haihitaji wino, umeme wala betri, na kwa shule ambayo umeme hukatika jioni ya mvua, yaani jioni nyingi za Tukuyu, sifa hiyo peke yake ina uzito kuliko nyingine zote.

Sifa ya pili ni kwamba nukta hutokeza upande wa juu, hivyo mwanafunzi anaweza kusoma alichokiandika karatasi ikiwa bado imo ndani ya mashine. Anayetumia kibao na kalamu ya kutobolea hana nafasi hiyo: huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kila herufi akiigeuza, kisha huitoa karatasi na kuipindua ndipo ajue kama amekosea. Hata hivyo, kibao kisitupwe. Kinaingia mfukoni, hakipigi kelele, na kwa kunakili ratiba ya mtihani au orodha ya vitu vya kuleta kutoka nyumbani kinatosha kabisa.

Kelele ndiyo lalamiko la kwanza la walimu wenzangu. Kila kibonyezo kina mlio wake, na mstari unapokaribia kwisha kengele hulia. Mashine nne zikianza kazi pamoja katika darasa lililojaa, mwalimu mgeni huona kama amevamiwa. Baadhi ya shule huwapeleka wanafunzi hawa viti vya nyuma ili kelele iwe mbali na mwalimu, na huko ni kumwadhibu mtu kwa sababu ya kifaa chake, kwa kuwa asiyeona anategemea masikio na anapaswa kuwa karibu na sauti inayofundisha. Kipande cha godoro kilichowekwa chini ya mashine hupunguza mlio kwa kiasi cha kuridhisha, na fundi yeyote wa makochi atakukatia mabaki yake kwa bei ya maji.

Lakini kelele hiyo ina faida ambayo sikuitarajia. Mwalimu anaposema kwa sauti kile anachokiandika ubaoni, mashine zinafanya kazi. Anapogeuka na kuandika kimya, au anaposema "kutoka hapa mnakwenda pale" huku akionyesha kwa kidole, mashine zinanyamaza. Chaki ikiendelea ilhali mashine zimenyamaza, ujue kuna watu wameachwa njiani. Nimewaomba walimu wa masomo waisikilize dalili hiyo, na waliozoea kuisikiliza wamebadilika kuliko walivyobadilishwa na semina yoyote niliyoiona.

Uzito wa mashine ya kawaida unakaribia kilo tano. Ina mpini wa kubebea, ni kweli, ila mwanafunzi mwenye fimbo nyeupe mkono mmoja na mashine mkono wa pili hana mkono wa kushikilia chochote pindi utelezi wa njia ya bwenini unapomfikia. Kuiacha darasani ndani ya kabati lenye kufuli kunatatua shida ya mchana na kuleta ya usiku, wakati wenzake wanajisomea na kufanya mazoezi. Toleo jepesi zaidi lilitoka mwaka 2008, na shule inayonunua sasa ifikirie hilo. Jambo lisilofaa kufikiriwa hata kidogo ni wanafunzi wawili kutumia mashine moja, kwani katika mpango huo mmoja huandika na mwingine husikiliza tu, na kwa kawaida anayesikiliza ni yule mpole.

Kuhusu karatasi, bodi nyingi za shule hupitisha fedha za mashine mara moja na kusahau kwamba mashine hula kila siku. Mashine imepimwa kwa karatasi nzito ya inchi 11 kwa 11.5, ambayo hupokea mistari 25 yenye nafasi 42 za herufi kila mmoja. Karatasi hiyo huipati katika maduka ya vifaa vya ofisi ya Mwanjelwa, Mbeya mjini. Utakachokipata ni manila, ambayo mwenye duka atakukatia kwa vipimo ukimpelekea mfano. Karatasi nyembamba ya kopi inaingia kwenye mashine bila shida, lakini nukta zake hutoboka au hulala baada ya kusomwa mara chache, na daftari la Historia la muhula wa kwanza linakuwa karatasi laini isiyosomeka kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Unyevu wa huku unaharibu zaidi. Karatasi iliyowekwa sakafuni karibu na ukuta hunywa maji ya hewa, na nukta zinazochapwa juu yake hazisimami. Hifadhi karatasi mpya kwenye mfuko wa plastiki juu ya rafu, na vitabu vilivyokwisha kuandikwa visimamishwe wima, visilundikwe, maana uzito wa vitabu vya juu hulaza nukta za vitabu vya chini. Ukumbuke pia kwamba ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huwa kurasa mbili hadi tatu za nukta nundu, hivyo kitabu kimoja cha kiada hugeuka kuwa juzuu kadhaa, na kabati ulilolitenga halitatosha.

Sasa nifike mahali ambapo mashine nzuri huonekana mbaya pasipo kosa lake. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaandika insha, kurasa nne za manila, zenye aya na mpangilio. Mwalimu wa somo anaipokea, anaipapasa kwa heshima, kisha anaiweka chini ya rundo la madaftari, kwa sababu hawezi kuisoma. Inaletwa kwetu katika kitengo cha elimu maalumu, ambako juu ya kila mstari wa nukta tunaandika kwa kalamu maneno yale yale kwa maandishi ya kawaida, ndipo irudi kwake asahihishe. Akishasahihisha, maoni aliyoyaandika pembeni kwa wino mwekundu hayana maana yoyote kwa mwandishi wa insha mpaka mtu amsomee au ayachape upya. Wanafunzi wanaoona wanapata majibu yao Jumatatu. Asiyeona anayapata baada ya mada nyingine kuanza, au hayapati kabisa, na mwisho wa muhula mtu anasema mtoto huyu ni mzito kuelewa.

Kazi hiyo ya kunukuu ina nidhamu yake. Anayenukuu hana ruhusa ya kurekebisha tahajia wala kunyoosha sentensi. Alichokosea mwanafunzi kinukuliwe kikiwa kimekosewa, la sivyo mwalimu wa somo anasahihisha kazi yangu na kumpa alama mtu mwingine. Na mimi sikusomea Kemia, kwa hiyo fomula ikinijia nikiwa nimechoka, hatari ya kuiharibu ni kubwa. Walimu waliopitia Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, hawatoshi kugawiwa kila sekondari, achilia mbali kuwa wawili wawili, na kitengo chenye mnukuzi mmoja husimama siku anapougua.

Nafuu ipo, na haigharimu fedha nyingi. Mwalimu anayeona hahitaji kusoma nukta nundu kwa vidole. Anaweza kuzisoma kwa macho, na alfabeti yenyewe hujifunzwa haraka kuliko watu wanavyodhani, kwani herufi kumi za mwanzo zinatumia nukta nne za juu tu, kati ya sita zinazopangwa tatu tatu kwa safu mbili, na zinazofuata zinajengwa juu ya hizo. Kiswahili kikiandikwa herufi kwa herufi, mwalimu wa Kiswahili mwenye chati mezani anasoma jaribio fupi bila kunisubiri. Kiingereza ndicho kizingiti, maana wanafunzi waliofundishwa vizuri hukiandika kwa vifupisho: herufi moja ikisimama peke yake huwa neno zima, na mkusanyiko mmoja wa nukta hubeba herufi tatu au nne. Kwa kuwa sekondari zetu hufundisha masomo mengi kwa Kiingereza, nimeshauri majaribio mafupi ya kidato cha kwanza na cha pili yaandikwe bila vifupisho, hata kama karatasi zitaongezeka, na vifupisho vitumike katika notisi za mwanafunzi mwenyewe. Baadhi ya wataalamu wenzangu hawakubaliani nami, wakihofu kwamba kasi ya mwanafunzi itashuka. Hofu yao ina msingi, ila bado naona jaribio linalorudi siku ya pili lina thamani kuliko kasi.

Katika mitihani ya taifa, mashine hii haina mpinzani. Baraza la Mitihani huandaa karatasi za maswali za nukta nundu kwa wasioona na za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu, na huwaongezea muda: dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Kinachosahaulika ni mazoezi. Mwanafunzi ambaye majaribio yake yote ya ndani aliyafanya kwa kujibu kwa mdomo, kwa kuwa ndiyo ilikuwa rahisi kwa mwalimu, hana stamina ya kuchapa kwa saa tatu na ushee, na muda wa nyongeza hautamwokoa. Mitihani ya mwisho wa muhula ifanywe kwa utaratibu ule ule wa Baraza, katika chumba cha peke yao, kila mmoja na mashine yake, na saa ihesabiwe kwa haki.

Mahali ambapo mashine inashindwa waziwazi ni michoro. Hisabati inaandikika, ingawa hesabu inayopaswa kupangwa kwa wima huchosha, na kosa halifutiki vizuri; nukta inaweza kulazwa kwa ukucha, lakini athari yake hubaki, kwa hiyo wengi hurudi nyuma na kuchapa nukta zote sita juu ya kosa ili kulifuta. Grafu, ramani na mchoro wa moyo haviwezekani kabisa. Hapo nakwenda kwa fundi cherehani kuazima gurudumu lake la kuchorea vitambaa. Unaweka karatasi ya manila juu ya mpira wa ndani wa tairi, unaviringisha gurudumu, na mstari wa vinundu unajitokeza upande wa pili. Kwa kuwa unajitokeza upande wa pili, ramani lazima uichore kinyume: Ziwa Tanganyika uliweke kulia na Bahari ya Hindi kushoto, ili ukiigeuza kila kitu kirudi mahali pake. Mipaka ya mikoa tumia uzi uliogandishwa kwa gundi, miji tumia mbegu, na usijaze kila kitu katika ramani moja, kwani kidole hakioni picha nzima kwa mara moja, kinaisoma kipande kwa kipande.

Jambo ambalo ningependa wakuu wa shule walizingatie kuliko yote ni kwamba mashine hii haimfai kila mtu anayeletwa kitengoni. Katika shule zetu wamo wanafunzi wengi wenye uoni hafifu, wakiwamo wenye ualbino, ambao tangu shule ya msingi waliwekwa katika kundi la wasioona na kufundishwa nukta nundu kana kwamba hawaoni kabisa. Matokeo yake utayaona darasani: kijana ameinamisha uso mpaka pua inakaribia kugusa manila, ameigeuza karatasi kuelekea dirishani ili mwanga utoe kivuli cha nukta, naye anazisoma kwa macho. Hana uzoefu wa vidole kwa kuwa hakuuhitaji, na hana vitabu vya maandishi makubwa kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba anaweza kuvisoma. Amepata hasara pande zote mbili.

Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, uoni hafifu unaanza pale jicho lenye nafuu, hata baada ya miwani, linapoona chini ya 6/18, yaani mtu anahitaji kusogea hadi awe umbali wa mita sita kuona kile ambacho mwingine anakiona akiwa mita kumi na nane. Chini ya 3/60 ndipo panapoitwa upofu. Kati ya vipimo hivyo viwili kuna nafasi kubwa sana ya kusoma kwa macho. Kabla shule haijamkabidhi mwanafunzi mashine, apimwe macho na mtaalamu, na kwa mkoa wetu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya ndiyo ya kuanzia. Wengi watakaorudi na majibu watahitaji vitu vya bei ndogo mno: kioo cha kukuzia, kalamu nene nyeusi, kofia pana na kiti cha mbele ambacho mwanga wa dirisha unatokea nyuma yake. Kopi ya A4 ikikuzwa kuwa A3, yaani asilimia 141, maandishi ya ukubwa wa 12 huwa karibu 17, na kila duka la kopi mjini linaifanya ukiomba. Anayestahili nukta nundu hata kama bado anaona ni yule ambaye daktari amesema uoni wake unaendelea kushuka, kwa mfano kwa presha ya macho. Huyo aanze mapema, wakati bado hana haraka.

Naulizwa mara kwa mara kama kompyuta haijaifanya mashine hii kuwa ya kizamani. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na vijana wawili wasioona, hutolewa bure na husoma kwa sauti kilichoko kwenye skrini ya kompyuta ya Windows. Kiswahili inakisoma pia, kwa sauti kavu inayozoeleka. Faida yake kwa sekondari ya kawaida ni kubwa, kwa kuwa kazi iliyochapwa kwa kompyuta inasomwa na mwalimu wa somo moja kwa moja na foleni ya kitengoni inapungua. Ningemtaka kila mwanafunzi wa kidato cha tatu aijue. Lakini kusikiliza si kusoma: anayejifunza kwa sikio peke yake hajui jina la mto linavyoandikwa, wala mahali koma inapokaa. Vipo pia visomaji vya kielektroniki vya nukta nundu, kama Orbit Reader 20, ambacho huchukua vitabu kwenye kadi ndogo na kumwonyesha msomaji nafasi 20 kwa wakati mmoja. Ni kitu kizuri kwa kusomea, ila kinahitaji chaji, na bei yake kwa shule ya kata ni ya kuomba wafadhili.

Kwa atakayenunua Perkins, bei ni mamia ya dola za Marekani, kabla ya usafiri na ushuru, kwa hiyo mashine iliyotumika isidharauliwe, mradi ikaguliwe. Mashine hizi hudumu miongo kadhaa zikifunikwa zisiingie vumbi, na huuawa na watu wenye nia njema wanaozimiminia mafuta. Mafuta ya cherehani hulainisha vitufe kwa muda mfupi, kisha hushika vumbi na kuganda, na wakati wa baridi ya Juni vitufe hukwama kabisa. Shule moja ninayoijua ilipoteza mashine mbili kwa namna hiyo mikononi mwa fundi hodari wa cherehani ambaye hakuwahi kuona nyingine ya aina hiyo maishani mwake.

Ukienda kukagua, beba manila yako mwenyewe. Ipachike, uchape nukta zote sita kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho, kisha upitishe kidole taratibu: nukta zote ziwe na kimo kimoja, na isiwepo iliyotoboka. Sikiliza kama kengele inalia kabla mstari haujaisha. Bonyeza kila kitufe peke yake uone kama kinarudi juu chenyewe, shuka mstari mara kadhaa, na pima kama umbali kati ya mistari haubadiliki. Ikiwezekana mlete mwanafunzi mwenyewe afanye ukaguzi huo, kwa maana vidole vyake vitagundua nukta iliyolegea ambayo macho yako yataipita. Muuzaji asiyetaka karatasi iwekwe kabla ya malipo, muage kwa amani na uende zako.